Bei ya Mafuta na Mfuko wa Karani

Kila mwezi, Jumatano ya kwanza, makarani wa Tanzania hungoja habari moja kabla ya nyingine zote, nayo ni tangazo la bei za mafuta litolewalo na EWURA. Wengi wa wanachama wetu hawana motakaa, wala hawatarajii kuwa nayo. Walakini tangazo hilo huwagusa upesi kuliko waraka wowote, maana mafuta yakipanda leo, kesho habari za nauli huanza kunong'onwa, na kesho kutwa bei za unga, mchele na nyanya hufuata. Mshahara peke yake ndio usiofuata. Huo hukaa palepale ulipoandikwa, ukingoja Mei Mosi.

Katika makala hii twataka kusema neno ambalo huenda lisiwapendeze wote. Chama chetu kimezoea kudai nyongeza ya mshahara kila maisha yanapokuwa magumu, na dai hilo ni la haki. Mwaka 2022 kima cha chini cha watumishi wa serikali kiliongezwa kwa asilimia 23.3, na Julai 2025 kikatoka Shilingi 370,000 hadi 500,000. Twashukuru kwa yote mawili. Lakini baina yake miaka mitatu ilipita, na mafuta hayakungoja. Nyongeza isiyogusa asili ya shida ni sawa na kuteka maji kwa pakacha. Asili mojawapo kubwa ni kwamba nchi yetu hununua ng'ambo petroli na dizeli yote iitumiayo, na kuilipia kwa fedha za kigeni. Basi yatupasa kudai mambo mawili pamoja: mshahara unaolingana na maisha, na nchi isiyotetemeka kila vita vinapozuka mbali.

Shida hii si ngeni. Wazee wetu wa kazi wanakumbuka mwaka 1973, nchi za Kiarabu zilipopunguza kuuza mafuta kwa ajili ya vita vya Israeli na majirani zake. Pipa lililokuwa karibu dola 3 lilifika karibu dola 12 mwanzoni mwa 1974. Na baada ya mapinduzi ya Iran ya mwaka 1979 bei ikaruka tena. Tanzania ilikuwa ikiuza kahawa, pamba na katani, ikaona mazao yaleyale yakinunua mafuta machache zaidi kila mwaka, hata magari ya watu binafsi yakakatazwa kutembea Jumapili alasiri bila ruhusa. Na siku hizo tulikuwa na kiwanda chetu cha kusafisha mafuta, TIPER, kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1966. Kiwanda hicho hakikutukinga, kwa kuwa mafuta ghafi yake nayo yalitoka ng'ambo. Leo ni maghala ya kuhifadhia tu. Fundisho lake ni kwamba kubadili mlango ambao mafuta huingilia si kupunguza kuyategemea.

Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, pipa lilipita dola 120, na lita ya petroli Dar es Salaam ikapita Shilingi 3,000. Serikali ikatoa ruzuku ya Shilingi bilioni 100 kwa mwezi kuanzia Juni mwaka huo. Hatuibezi ruzuku hiyo. Ilizuia mabaya zaidi. Hata hivyo ruzuku ni dawa ya kutuliza maumivu, si ya kuponya ugonjwa. Fedha hulipia mafuta, mafuta huungua, na mwezi ujao mgonjwa yuko palepale. Tena ikizoeleka, kuiondoa ni msiba. Nigeria iliiondoa ghafula Mei 2023, na lita iliyokuwa chini ya naira 200 ikafika karibu naira 500 kwa siku chache tu.

Na tuhesabu kidogo, maana hesabu ndiyo kazi yetu. Nauli ya daladala ya safari fupi ilitoka Shilingi 400 hadi 500 mwaka 2022, na Desemba 2023 ikafika 600. Karani apandaye magari mawili kwenda kazini na mawili kurudi aliongezewa Shilingi 800 kwa siku. Kwa siku 22 za kazi ni Shilingi 17,600 kwa mwezi, naye bado hajanunua kibaba cha mchele. Mafuta yaliposhuka baadaye, nauli haikushuka nayo. Bei ya mafuta hupanda kwa ngazi, lakini nauli haina ngazi ya kuteremkia.

Je, kwa nini ni vigumu kuachana na mafuta? Wengine husema wafanyabiashara ndio wasiotaka. Huenda ikawa kweli kwa sehemu; lakini sisi tunaoandika vitabu vya hesabu twajua jambo jingine, nalo ni kwamba Hazina nayo hunywa katika pampu ileile. Ndani ya kila lita mna tozo ya barabara, mna ushuru wa bidhaa, na mna ada ya petroli isaidiayo kupeleka umeme vijijini. Julai 2023 Shilingi 100 zaidi ziliongezwa katika kila lita kwa ajili ya miradi mikubwa ya taifa. Basi kila gari liachalo petroli huacha pengo katika mfuko wa barabara. Ndiyo sababu Juni 2024 lililetwa Bungeni pendekezo la kutoza gesi itumiwayo na magari. Mwenye bajaji aliyekopa fedha ili afunge mtungi wa gesi ana haki ya kuuliza kwa nini aadhibiwe kwa kutii shauri jema. Hazina nayo ina haki ya kuuliza barabara zitatengenezwa kwa fedha gani. Sisi twasema kwamba tozo hiyo ikibidi kuja, itangazwe miaka kadhaa mbele, nayo ipande polepole, ili mtu afanye hesabu yake akijua kesho ikoje.

Wala tusiseme kwamba nchi haina kitu. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na kuanza kuzalisha umeme mwaka 2004, na bomba la kutoka Mtwara lilifika Dar es Salaam mwaka 2015. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji limejengwa kwa megawati 2,115, na mtambo wake wa kwanza ulianza kazi mwaka 2024. Mwaka huohuo treni ya umeme ilianza kubeba watu kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, kisha hadi Dodoma. Wanachama waliotumwa Dodoma kwa kazi wameipanda. Nayo haiulizi bei ya pipa huko Uarabuni. Fedha iliyoungua katika ruzuku imekwisha, lakini fedha iliyojenga reli ingalipo, na kila siku inabeba watu.

Walakini mambo mawili yatutia wasiwasi. La kwanza ni kwamba gesi ya magari imekaa zaidi Dar es Salaam. Karani wa Sumbawanga au Kigoma huisikia redioni tu, naye ndiye anayenunua petroli kwa bei ya juu zaidi, kwa sababu ya urefu wa njia. La pili ni jikoni. Mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya watu waache kuni na mkaa kufikia mwaka 2034. Ni nia njema, na misitu yetu yaihitaji. Lakini mtungi wa gesi ulio jikoni si gesi ya Songo Songo, bali ni gesi iletwayo kwa meli kama petroli. Tukihama sote kutoka mkaa kwenda mtungi, tutakuwa tumehama chumba, si nyumba. Pale umeme ulipofika, jiko la umeme lipewe nafasi yake.

Majirani zetu wa Ethiopia, waliochoka kupoteza fedha za kigeni kwa mafuta hali wana umeme wa maji, walipiga marufuku mwaka 2024 kuingiza magari binafsi ya petroli na dizeli. Hatusemi tuige hivyo mara moja. Mwenye mshahara mdogo hawezi kununua gari jipya kwa amri. Twasema tuanze na gari linalobeba watu sitini kabla ya lile linalobeba mtu mmoja.

Basi twaomba mambo manne. Kwanza, mshahara uangaliwe kila mwaka kwa kipimo cha bei za vitu, si kwa kungoja miaka. Pili, sehemu ya tozo ya mafuta itengwe wazi kwa mabasi ya gesi na ya umeme, na mikoa isisahauliwe. Tatu, nauli iweze kushuka mafuta yashukapo. Nne, serikali ianze na magari yake yenyewe, maana mkubwa akishuka katika gari kubwa linywalo dizeli, hawezi kumhimiza mdogo kubana matumizi.

Hilo la nne latugusa sisi wenyewe. Nani huandika daftari la safari za gari? Nani hutia sahihi katika hati ya mafuta? Ni sisi. Safari isiyofanyika ikiandikwa kuwa imefanyika, na lita kumi zikiandikwa ishirini, mwizi si mwarabu wa ng'ambo wala tajiri wa mjini. Hatuwezi kudai haki kwa mkono mmoja na kuandika uongo kwa mkono wa pili. Dai letu litasikilizwa siku vitabu vyetu vitakapokuwa safi.

Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mafuta tunayoyategemea si ya ndugu hata. Ni ya mgeni asiyetujua kwa jina. Twaomba kila tawi lizungumze habari hii katika mkutano wake ujao, na katibu wake atuletee maoni kwa maandishi, ili tuyafikishe panapostahili kwa sauti moja na kwa adabu.