Mbele ya kununua sireni, tujiulize nani atakuja

Siku hizi mu maduka ya Kisangani, pembeni ya paneli za jua na torchi, unaweza kukuta sanduku ndogo yenye sireni. Muuzaji anabonyeza, inalia, watu wote wanageuka, na mchimbaji aliyetoka kuuza jiwe lake anatoa makuta. Tunamuelewa. Anarudi Opala, lakini kisha wiki mbili atapanda tena kwenda karière za Bafwasende ao Banalia, na mama na watoto watabaki peke yao miezi mingi. Kila mtu wa avenue anajua kama baba hayuko.

Sisi hatusemi sireni ni kitu kibaya. Tunasema tu, wandugu, mbele ya kutoa makuta mjiulize: mwizi wa kwetu anaingilia wapi, na ile kitu ikilia usiku, nani atakuja?

Tuanze na pa kuingilia. Hizi mashine zilifikiriwa kwa nyumba ya matofali ya kuchoma, milango ya chuma, umeme usiku muzima. Sehemu ya kwanza ni vipande viwili, kimoja cha sumaku juu ya mlango, kingine juu ya fremu. Mlango ukifunguka vinaachana, sireni inalia. Ni akili nzuri. Lakini nyumba zetu nyingi ni za potopoto, na mwizi wa potopoto hagusi mlango. Anatoboa ukuta polepole nyuma ya nyumba, ao anainua majani ya paa. Vipande vinabaki karibu karibu, vimelala usingizi.

Sehemu ya pili ni jicho linalosikia joto la mwili likipita. Hilo nalo linataka chumba kitupu. Kwetu mbuzi analala ndani, kuku wako ndani, watoto wanaamka kukojoa. Na siku joto la hewa linakaribia joto la mtu, jicho linachanganyikiwa. Italia bure mara moja, jirani anakimbia. Mara ya pili anatoka na hasira. Mara ya tatu anajifunika blanketi. Kwetu sisi hiyo ndiyo hatari kubwa: alarmi inayolia bure ni mbaya kuliko kukosa alarmi, sababu inafundisha watu kutokuja.

Iko pia ile yenye kadi ya simu ndani, inapigia baba mwenyewe. Lakini baba yuko mu shimo, mu pori, mahali rezo haifiki. Na kadi bila unite haipigi. Tena batri: Kisangani yenyewe, na santrali yake ya mto Tshopo, watu wanazoea giza. Sisi ni paneli na batri tu, na batri ya sireni ndiyo ile ile watoto wanachukua kuchaji simu.

Sasa swali la pili. Wazee wetu walilijibu zamani sana. Kando ya mto, kwa Lokele na jirani zao, lokole ilikuwa inasema maneno, si kelele tu. Misionere John Carrington, aliyeishi Yakusu karibu na Kisangani, aliandika kitabu kizima juu yake mu 1949. Gogo moja lililochimbwa ndani, sauti mbili, ya juu na ya chini, na usiku inasikika kilometa kadhaa. Haina batri. Na yule aliyesikia alijua ni moto, ni kilio, ao ni adui, na alijua anapaswa kufanya nini. Hiyo sehemu ya mwisho ndiyo sireni ya duka haina.

Basi kama hamna lokole, chukueni firimbi, sufuria, rimu ya gari ya kugonga. Bei si kitu. Kitu ni kupatana: nyumba kumi zikae chini na chefu wa avenue, ziseme alama hii ni mwizi, ile ni moto, nani anatoka na torchi, nani anabaki na watoto, nani anaenda kuita polisi. Wamama wawe mu ule mkutano, sababu ndio watakaogonga. Na mbwa mmoja anayebweka nyuma ya nyumba, pale ukuta unatobolewa, tunamuhesabu mbele ya sanduku yoyote.

Lakini tuseme na hili, hata kama litakasirisha wengine. Kule Tanzania, mwanzo wa miaka ya 1980, wakulima wa Shinyanga na Tabora walianzisha sungusungu juu ya wizi wa ng'ombe. Walipiga mayowe, kila mtu alitoka, na wizi ulipungua. Wengine wao walifika pia kupiga watu na kuua. Hapa kwetu tunajua matairi na petroli. Mwizi aliyeshikwa anafungwa kamba na kupelekwa polisi, hata kama mnasema polisi watamuachilia. Kuua ni kuua mbele ya sheria, na usiku, mu giza, wengi wamechoma mtu asiye mwizi.

Mengine tunapita haraka. Pesa ya jiwe isilale chini ya godoro: iko M-Pesa, iko Airtel Money, iko Orange Money. Tuma sehemu ku namba ya mama mwenyewe, atoe kidogo kidogo. Jiwe nalo lisikae nyumbani, na karte yako ya mchimbaji iwe ya mwaka huu; ukiibiwa jiwe huku huna karte, utaenda kulalamika kwa nani?

Na midomo. Kaka anauza kwa negosia, anavuka Lubunga na moto mpya, anafika Opala anafungulia nganda nzima bia. Kesho yake anaenda kutafuta sireni. Huyo anajitangaza mwenyewe kwa sauti kuliko mashine yoyote.

Kama kisha haya yote bado unataka ile sanduku, nunua ile rahisi, yenye kifungo ambacho mama anabonyeza mwenyewe akisikia mtu. Iweke karibu na kitanda, si mlangoni. Na uijaribu mchana, jirani wote wakiwepo, mbele ya kurudi karière.