Maji ya Tana na Wasafiri wa Mitumbwi

Mtu asimamaye ukingoni mwa Mto Tana huko Garsen asitazame mawingu ya kwake tu. Maji yale hutoka mbali, Mlima Kenya na Nyandarua. Tena mabwawa ya juu, kama Masinga lililokamilika mwaka 1981, yakijaa hufurika. Basi mto huweza kupanda hata penye jua kali.

Maji yakijaa, mkondo huushinda upondo, na magogo huja kwa kasi. Yakipungua, mtumbwi hukwama mchangani, nao viboko hukusanyika vilindini.

Kwa hiyo, jioni chomeka kijiti ukomoni mwa maji. Asubuhi ukikuta kimezama, usivuke, ngoja. Heri kuchelewa sokoni kuliko kutofika kabisa.