Wauzaji wa "meno meupe" wanauza maumivu, na wakubwa wananyamaza

Goma – Si ajabu katika muji huu kumwona kijana akifunika mdomo anapocheka. Meno yake yana madoa ya rangi ya kahawa. Wahami wengi waliotoka chini ya volkano ya Nyiragongo wanayajua madoa hayo tangu utoto. Wachuuzi wa barabarani wanayajua pia. Ndiyo maana wanawafuata na kichupa kisicho na jina wala tarehe, wakiahidi meno kama maziwa kwa siku tatu.

Huo ni udanganyifu, na lazima usemwe hivyo.

Watu wanauliza: madoa yanatoka wapi? Si uchafu. Moshi wa Nyiragongo unabeba fluori, mvua inaishusha, na watu wanakinga maji hayo kwenye mabati. Mtoto akiyakunywa wakati meno yake ya ukubwani yangali yanajijenga ndani ya ufizi, yatatoka na madoa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1,5 za fluori kwa lita moja ya maji ya kunywa. Basi doa limo ndani ya jino lenyewe. Kulisugua kwa makala au mchanga ni kumaliza jino, si kuliosha.

Na ndimu, javeli, maji ya batri? Vinakula ganda gumu la jino, na ganda hilo halioti tena. Leo jino linaonekana jeupe. Kesho chai ya moto inachoma, kisha tundu linafunguka.

Je, munganga wa meno hatumii dawa? Anatumia peroksidi, lakini kwa kipimo. Kwanza anatazama kama kuna tundu au ufizi unaotoka damu, anatibu hayo kabla ya yote. Katika Umoja wa Ulaya, dawa ya kung'arisha yenye peroksidi ya hidrojeni kupita 0,1 % haiuzwi ovyo. Kutoka hapo hadi 6 % ni kupitia munganga wa meno tu, na si kwa mwenye chini ya miaka 18. Hata hapo, munganga mkweli atasema: meno yanaweza kuuma siku kadhaa, jino la bandia halibadili rangi, weupe haudumu milele, na madoa mazito ya fluori huenda yasiishe yote.

Kuna wanaosema: masikini hana pesa za munganga, mwacheni ajitafutie. Hoja mbaya. Mama aliyekimbia na watoto na godoro tu, akitoa franka za unga kununua kichupa hicho, kesho atatafuta nyingi zaidi za kung'oa jino.

Wanaotoza ushuru sokoni wanapita mbele ya meza hizo. Wenye mamlaka ya afya nao wanaziona. Waondoe vichupa hivyo, na wawape watoto wa Nyiragongo maji mazuri ya kunywa. Hiyo ndiyo dawa ya madoa: inaanza kwenye bidoni, si kwenye kichupa.

Kwa sasa, wazazi: mswaki mara mbili kwa siku, na dawa ya meno ya kawaida, mtoto aiteme asiimeze. Jino lenye doa bado linatafuna. Lililounguzwa halitafuni.