Kiporo cha kalamu huonjwa kabla ya kupakuliwa

Jumapili moja ya mwaka wa 2024, ibada ilipokwisha, nilisimamishwa langoni na mama mmoja wa mtaa wetu aliyekuwa ameshika kijitabu mkononi. Kijitabu chenyewe nilikijua vizuri kuliko yeye, kwa maana niliyekiandika ni mimi. Wazazi wa pale kanisani walikuwa wameniomba makala yangu ya zamani kuhusu malezi na masomo, wayapige chapa na kuyauza kwa bei nafuu ili wapate pesa za kununulia watoto madawati. Nilikubali mbio mbio. Ni mwandishi gani asiyependa kuona maneno yake yakifufuka?

"Kijana wangu," mama akaanza, "hapa umesema mtihani huu ndio mlango wa maisha ya mtoto. Nimeuza cherehani yangu nimlipie mwanangu mwalimu wa jioni. Sasa mwalimu mkuu ananiambia hakuna mtoto anayeitwa shule ya kitaifa kwa mtihani wa gredi ya sita. Kati yenu wawili, mwongo ni nani?"

Mwongo nilikuwa mimi, ingawa sikukusudia. Makala hayo niliyaandika mwaka wa 2016, enzi za KCPE, mtihani uliokuwa na alama 500 na ambao kwa kweli ndio uliomfungulia mtoto shule ya kitaifa au kumfungia. KCPE ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023. Nilipoombwa makala, nilikaa mezani jioni moja, nikafuta "darasa la nane" na kuandika "gredi ya sita", nikafuta "KCPE" na kuandika "KPSEA", nikaenda kulala nikijiona fundi. Sikujiuliza swali moja dogo: je, mtihani huu mpya una kazi ile ile ya ule wa zamani? Hauna. Mtoto akimaliza gredi ya sita huendelea na gredi ya saba, aghalabu katika uwanja ule ule wa shule, na habari ya kuchagua shule ya upili huja baada ya gredi ya tisa. Nilikuwa nimebadilisha jina la mlango, na nyuma yake hapakuwa na chumba.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaza sana juu ya kazi hii ya kuchukua maandishi ya jana na kuwaandalia wageni wa leo. Wengi huidharau. Husema ni uvivu, ni kuuza kiporo kwa bei ya chakula cha moto. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Kiporo cha wali kilichotiwa nazi mpya na pilipili kinaweza kushinda wali wenyewe wa jana. Tatizo ni mpishi anayekipakua bila kuinua kifuniko akanusa.

Hebu tutazame waliotutangulia. Sote tuliopitia shule za upili hapa Afrika Mashariki tunalijua jina la Juliasi Kaizari. Mchezo huo Shakespeare hakuutoa hewani. Kisa alikipata kwa Plutarch, mwandishi wa Kiyunani aliyeishi zaidi ya miaka elfu moja mia nne kabla yake. Plutarch alitafsiriwa kwa Kifaransa na Jacques Amyot mwaka wa 1559; Mwingereza Thomas North akakitafsiri Kifaransa hicho mwaka wa 1579; Shakespeare akakichukua kitabu cha North, akakikatakata, na takriban mwaka wa 1599 watu wa London wakaona damu ya Kaizari ikimwagika jukwaani. Kisha mwaka wa 1963 Mwalimu Julius Nyerere, ambaye tayari alikuwa na nchi nzima ya kutawala, akatoa tafsiri yake ya Kiswahili. Kwa hiyo mwanafunzi anayeinamia kitabu hicho usiku huko Mombasa au Kakamega anakula chakula kilichopashwa moto mara nne, na bado kina ladha.

Linalonivutia zaidi ni kwamba Mwalimu hakuridhika na kazi yake mwenyewe. Tafsiri ya 1963 ilibaki na jina la mchezo karibu kama lilivyo kwa Kiingereza. Mwaka wa 1969 akaitoa tena, baada ya kuirekebisha, na safari hii jina likawa Juliasi Kaizari. Mwaka huo huo akatoa Mabepari wa Venisi. Hapo nakuomba utue kidogo, msomaji. Katika Kiingereza mchezo huo unamtaja mfanyabiashara, mtu mmoja. Mwalimu angeweza kusema "Mfanyabiashara wa Venisi" na hakuna mwalimu wa lugha ambaye angemsahihisha. Lakini miaka miwili tu ilikuwa imepita tangu Azimio la Arusha la 1967, na neno "bepari" lilikuwa midomoni mwa watu. Akaandika "mabepari". Neno moja tu lililobadilishwa, na kisa cha zamani kikapata wasomaji wapya waliojua mara moja anazungumza na nani. Unaweza kumlaumu kwamba alimtia Shakespeare siasa mdomoni. Kwangu mimi, alijua wageni wake wanakula nini.

Wa pili ni Charles Dickens, na huyu ananipendeza kwa sababu alifanya kazi kwa mkasi na gundi kama tulivyofundishwa chuoni. Kitabu chake A Christmas Carol kilitoka Desemba 1843. Miaka kumi baadaye, Desemba 1853, alikisoma mbele ya watu katika mji wa Birmingham, na akataka usiku mmoja uwe wa wafanyakazi, kwa kiingilio cha chini ambacho wangekimudu. Usomaji ule ulichukua muda mrefu mno, kama saa tatu hivi. Basi akafanya nini? Alizitoa kurasa za kitabu, akazibandika kwenye karatasi kubwa zaidi, akaanza kukata. Alikata maelezo ya nyumba na barabara. Alikata vichekesho vilivyokuwa vitamu kwa macho lakini vizito kwa sikio. Pembeni alijiandikia maagizo ya sauti, wapi apunguze na wapi achangamke. Kila alipokisoma aliendelea kukata, hata kikawa kifupi kwa nusu na zaidi, na tangu mwaka wa 1858 usomaji huo ukawa kazi ya kumpatia pesa hadi Marekani. Mtu mwenye jina kubwa vile, na hakuona aibu kuyafuta maneno yake mwenyewe! Sisi wengine mhariri akituondolea sentensi moja tunanuna wiki nzima.

Nirudi kwa mambo ya nyumbani. Nina kabrasha la makala yangu, la karatasi za njano zilizoliwa na mende pembeni, na baada ya aibu ile ya kanisani nililishusha kutoka juu ya kabati nikalipitia lote. Nilichogundua ni kwamba maandishi hayaozi kwa pamoja. Bei huoza kwanza. Makala ya miaka kumi iliyopita yanayokueleza nauli ya kutoka mjini hadi Rongai yanakufanya ucheke au ulie, kutegemea mfuko wako. Nambari za simu huoza. Vyeo huoza: katika moja ya makala yangu ya kwanza, kabla ya kaunti kuanza kazi mwaka wa 2013, nimewaelekeza wasomaji kwa Baraza la Jiji la Nairobi, na katika jingine kwa mkuu wa mkoa. Ukimtuma mtu huko leo atazunguka mpaka viatu viishe.

Lakini kuna yasiyooza. Nilikuwa nimeandika juu ya jiko la makaa, wakati wa baridi ya Julai, nikawaonya akina mama wasilale na jiko ndani ya nyumba iliyofungwa. Makaa yanayowaka kwa hewa haba hutoa gesi inayoitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho kama moshi. Mtu huumwa kichwa, husikia uchovu na kichefuchefu, akadhani ni usingizi, akalala, na asubuhi majirani wakabomoa mlango. Gesi hiyo ilikuwa hivyo kabla sijazaliwa na itakuwa hivyo nikishazikwa. Hapo hakuna cha kubadilisha ila msikilizaji.

Na msikilizaji ndiye kazi yenyewe. Makala ya kwanza yalianza na mama anayepika maharagwe jioni, kwa sababu nilikuwa nikizungumza na mama. Nilipotaka kuyapeleka kwa wanafunzi wa vyuo wanaokodisha chumba kimoja, niliona mara moja kwamba mwanafunzi atasoma mstari wa kwanza, aseme "hii ni ya akina mama", na kufungua ukurasa wa michezo. Ikanibidi nianze na kijana anayesoma usiku wa baridi, amejifunika blanketi, jiko liko miguuni kwa sababu stima imeisha. Nilipoombwa niyafanye yafae redio, kwa ajili ya mabawabu wanaokesha katika vibanda vya langoni, nilizikata sentensi zote ndefu. Msomaji akipotea hurudi juu ya ukurasa. Msikilizaji akipotea ameshapotea. Nikazirudia dalili za gesi mara mbili, jambo ambalo gazetini lingekuwa kosa. Ukweli mmoja, milango mitatu. Kazi ilinichukua siku nne, nami nilidhani ingekuwa ya jioni moja.

Wanafunzi wa uandishi wameniuliza mara nyingi kuhusu sheria, kwa hiyo acha nigusie. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001, kazi uliyoiandika ukiwa umeajiriwa kuiandika huwa mali ya mwajiri, isipokuwa kama mmekubaliana vinginevyo. Usije ukachukua makala uliyolipwa mshahara kuyaandika ukayauza kwingine ukidai "ni yangu, jina langu liko juu". Omba ruhusa, tena kwa maandishi. Kazi ya mtu mwingine hulindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kinacholindwa ni maneno na mpangilio wake. Wazo lenyewe liko huru, hivyo hakuna anayeweza kukukataza kuandika juu ya jiko. Na wewe mwanachuo unayewapa wahadhiri wawili insha moja, jina la somo tu likiwa limebadilishwa, najua unajijua. Mwulize mhadhiri kwanza. Huenda akakuruhusu kuipanua, na huenda akakufukuza ofisini, lakini angalau utakuwa umekwenda kwa miguu yako.

Mwandishi wa Kimarekani Raymond Chandler alikuwa na ustaarabu wake katika jambo hili. Riwaya yake The Big Sleep ya mwaka wa 1939 aliijenga hasa kwa hadithi fupi mbili alizokuwa amezichapisha magazetini miaka michache kabla. Alizibomoa kama nyumba ya mabati, akatumia mbao zile zile kujenga nyumba mpya. Lakini maishani mwake hakuzitia hadithi hizo katika vitabu vyake. Zilikuwa zimeshalipa deni lao.

Sasa yule mama. Nilirudi kwa wazazi wa kanisani, nikawaeleza, na tukachapisha ukurasa wa masahihisho tukaubandika katika vijitabu vilivyobaki. Vilivyouzwa vilikuwa vimeshakwenda, na sijui vimelala katika nyumba ngapi hata sasa. Pesa za mwalimu wa jioni hazikurudi. Kila mwezi nampa mama kiasi kidogo cha kununulia cherehani nyingine. Mwanzoni alikataa, baadaye akasema atapokea kama mkopo niliochukua mimi, si yeye. Haijatosha bado. Kwa sasa anashonea kwa jirani yake, na nusu ya pesa anamwachia mwenye mashine.

Tangu hapo siyatoi makala yoyote ya zamani kwa wasomaji wapya kabla hajayasoma. Sikumwomba, siku moja alinikuta nimeshika karatasi akaninyang'anya. Husoma akiwa amesimama, penseli ya kuchorea vitambaa mkononi, naye hana huruma. Juzi nilimpelekea yale ya jiko, ya wanafunzi, nikiwa na hakika kwamba safari hii hakuna kasoro. Akasoma hadi mwisho, akarudi juu, akayasoma tena.

"Umemwambia afungue dirisha," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Wewe umeviona vyumba vya hawa watoto? Kile cha mpwa wangu kina dirisha la kioo kimoja kisichofunguka, na nje ni ukuta wa jirani. Huyo umemwambia afanye nini?"

Nilichukua karatasi yangu, nikaikunja, nikarudi nyumbani kuandika upya.