Ulinganifu si Udanganyifu

Wapo wanaopuuza hesabu za mashimo meusi kwa sababu wataalamu walianza kwa kuichukulia nyota kuwa tufe kamili, isiyozunguka, iliyojaa vumbi lisilo na shinikizo. Ni kweli nyota ya namna hiyo haipo. Lakini si kweli kwamba hesabu iliyoanzia hapo haifai kitu. Milinganyo ya mvutano ya Albert Einstein ya mwaka 1915 ni kumi, nayo imefungamana: maada hupinda anga na wakati, na mpindo huo huielekeza maada pa kwenda, hivyo ni vigumu kuitatua bila kurahisisha. Karl Schwarzschild, akiwa vitani katika jeshi la Ujerumani, alichagua umbo la tufe lenye utupu nje yake, akapata jawabu kamili kabla ya mwaka huo kwisha. Mwaka 1939 Robert Oppenheimer na Hartland Snyder walitumia tufe la vumbi kuonyesha kwamba nyota inaweza kuporomoka hadi ikajifungia isionekane tena kutoka nje.

Pingamizi lililokuwa na uzito lilitoka Urusi ya Kisovyeti. Mwaka 1963 Evgeny Lifshitz na Isaak Khalatnikov walidai kwamba maporomoko hayo huishia kwenye msongamano usio na kikomo kwa sababu tu kila chembe imeelekezwa katikati. Ukivuruga mpangilio kidogo, chembe zitapishana. Hoja hiyo ilistahili kujibiwa, na Roger Penrose aliijibu mwaka 1965. Hakuchukulia umbo lolote. Kwa maada alidai jambo moja tu, kwamba nishati yake isiwe hasi kiasi cha kuufanya mvutano usukume badala ya kuvuta. Kisha akathibitisha kwamba pakitokea eneo ambalo hata mwanga unaoelekezwa nje unabanwa, basi njia ya mwanga fulani lazima ikatike. Tufe liliondoka, vumbi likaondoka, hitimisho likabaki. Lifshitz na Khalatnikov wenyewe baadaye waliacha dai lao, na mwaka 2020 Penrose alipewa Tuzo ya Nobel.

Kwa hiyo kurahisisha si kosa. Kosa ni kuishia hapo. Chukua umri wa ulimwengu: tunaambiwa ni miaka bilioni 13.8, na hesabu hiyo inachukulia kwamba maada, ikipimwa kwa umbali mkubwa mno, imetandazwa sawasawa kila upande. Mnururisho uliosalia kutoka mwanzo wa ulimwengu unaliunga mkono wazo hilo, maana joto lake hutofautiana kwa takriban sehemu moja tu kati ya 100,000. Hata hivyo, magalaksi yamejikusanya kwa mafungu. Basi wanaotuletea tarakimu hizo watuambie pia ni umbo gani walilolichukulia, ni maada ya aina gani, na ni kiasi gani cha jawabu kinachobaki vikiondolewa.