Opera Mini inaokoa bando, ila nywila ni habari nyingine

Kwa kijana wa Mwanjelwa jijini Mbeya au Miyomboni mjini Iringa anayenunua bando la siku, kivinjari kizuri ni kile kisichokula MB. Ndiyo maana Opera Mini bado ina wenyewe.

Lakini hizo MB zinaokolewaje? Ukiweka ubanaji wa juu kabisa, ukurasa hauji moja kwa moja kwenye simu. Unafunguliwa kwanza kwenye seva za Opera, unabanwa, ndipo unaletwa ukiwa mwepesi. Kwa matokeo ya Ligi Kuu, hakuna shida. Kwa kuomba mkopo wa HESLB au kuingia benki, hapo umempitisha mtu wa tatu katikati.

Chrome haifanyi hivyo. Hata hali yake ya kubana data iliondolewa 2022. Ila Google inaishi kwa matangazo, na Incognito si pazia: mwaka 2024, kwenye kesi nchini Marekani, ilikubali kufuta data za watu waliodhani wamejificha.

Firefox huzuia wafuatiliaji wengi bila kuombwa, ingawa ni nzito kuliko Opera Mini.

Simu ikiwa na nafasi, weka viwili: Opera Mini ya habari, Firefox ya fomu na hela. Nafasi ikikosekana, zima ubanaji kabla ya kuandika nywila.