Korosho Ina Daraja, Shokapu Haina

Mkulima wa Tandahimba anapofikisha korosho zake kwenye chama cha msingi, hapokelewi kwa maneno matupu. Korosho hukaguliwa unyevu, hupangwa daraja la kwanza au la pili, hupimwa, na mwisho hutolewa stakabadhi. Utaratibu huu wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika kwa zao hili hapa Mtwara mwaka 2007, una kasoro nyingi ambazo wakulima wenyewe wamezipigia kelele. Lakini msingi wake ni wa haki: anayeuza na aeleze anachouza. Sasa nauliza: mkulima huyohuyo akishalipwa, akaja mjini kutafuta shokapu za gari lake, kwa nini yeye hauziwi kwa msingi huohuo?

Nauliza kwa uchungu wa mtu aliyeonja. Ninamiliki Toyota Crown ya mwaka 2005. Watumishi wenzangu wa umma wanalijua gari hili. Lilipokuwa jipya huko Japani lilikuwa gari la wakubwa. Lilipotufikia limechoka, likawa gari la mwalimu anayetaka kufanana na wakubwa. Tunalinunua kwa bei ya gari dogo, kisha tunashangaa kwamba gharama za kulitunza hazikushuka pamoja na bei yake. Kosa hilo ni letu, nami nalikubali.

Mwaka jana gari lilianza kugonga mbele kila nilipoingia kwenye shimo. Fundi wangu, kijana makini, alilipandisha kwa jeki, akashika gurudumu kwa mikono miwili na kulitikisa. "Mwalimu," akasema, "boljointi za chini zimekwisha, bushi zimepasuka, na shokapu ya kulia inavuja mafuta." Nikaenda dukani. Niliwekewa mezani boljointi za aina tatu, zenye bei tatu zilizopishana mno. Nikauliza tofauti yake. Muuzaji akanijibu bila kupepesa macho: "Hii orijino, hii orijino ya Dubai, na hii orijino ya kawaida."

Nilichukua ya katikati, kama afanyavyo kila mtu anayetaka kujiona mwenye busara. Haikumaliza miezi minne. Ilichomoka nikiwa naingia Mikindani, gurudumu likalala, gari likasota hadi ukingoni mwa barabara. Nilikuwa katika mwendo mdogo, na upande ule hapakuwa na mtu. Muda mfupi nyuma nilikuwa nimewapita watoto wakitoka shule. Sijaacha kuzipigia hesabu dakika zile. Niliporudi dukani na kipande kilichovunjika, niliulizwa risiti. Risiti nilikuwa nayo. Ilikuwa imeandikwa neno moja tu: "Spea."

Neno hilo moja ndilo ninalogombana nalo leo. Nchi hii haina upungufu wa sheria. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inataka kitu kinachouzwa kiendane na maelezo yake. Shirika la Viwango lina utaratibu wa kukagua bidhaa kabla hazijapakiwa kuja nchini. Lakini sheria zote hizi husimama juu ya ushahidi, na ushahidi wa mnunuzi wa Mtwara ni neno "Spea". Muuzaji hakuvunja ahadi, kwa kuwa hakuna ahadi iliyoandikwa. Dola imehakikisha risiti inataja kwa ukamilifu kiasi nilicholipa. Nilicholipia kimeachwa gizani.

Wapo watakaosema dawa ni kuachana na mtumba. Sikubaliani nao. Mkono wa chuma uliotolewa kwenye gari la Japani, kama haukupinda wala kuliwa na kutu, waweza kuwa bora kuliko mpya wa kiwanda kisichojulikana. Hata hivyo utazamwe vizuri, maana katika majimbo ya theluji kule kwao barabara humwagiwa chumvi, nayo hutafuna chuma kama inavyotafuna hewa ya bahari yetu ya Msimbati. Bushi ni jambo jingine, kwani ni mpira, na mpira huzeeka hata gari likiwa limesimama. Shokapu hutegemea mafuta na sili za ndani. Ukinunua ya mtumba iliyotoka kwenye gari la umri sawa na lako, umenunua uzee wako mwenyewe kwa fedha taslimu. Kwa hiyo mwenye fedha kidogo na aanze na boljointi na bushi mpya zenye asili inayojulikana. Shokapu abadilishe mbili kwa pamoja, kulia na kushoto. Kisha apime alaimenti, la sivyo tairi zitaliwa upande mmoja. Na asikubali kuwekewa spesa ili gari liinuke. Spesa humfurahisha macho, lakini huilazimisha boljointi kufanya kazi katika pembe isiyoundiwa.

Lakini ushauri huu wote unadai jambo moja: kwamba mnunuzi ajue alichoshika mkononi. Bila hilo, kumwambia mwananchi "kuwa makini" ni kumtwisha kazi ya dola.

Wengine watanikejeli: mwenye gari la kifahari ana haki gani ya kulalamika? Basi waliache gari langu. Duka lililoniuzia mimi ndilo linalomuuzia mwenye Noah inayobeba wagonjwa, na mwenye Hiace inayosomba abiria kwenda Newala, katika barabara ambayo kwa miongo mingi sehemu yake kubwa ilikuwa vumbi na mashimo. Mimi nilikuwa peke yangu. Yeye hubeba roho za watu.

Na wapo waungwana wanaohofia kwamba ukaguzi zaidi utazaa rushwa zaidi. Hofu yao naielewa, ndiyo maana siombi mkaguzi mpya. Naomba mistari mitatu kwenye risiti: kipuri ni kipya au mtumba, kimetengenezwa na kiwanda gani, nchi gani, na kina dhamana ya siku ngapi. Mistari hiyo haihitaji ofisi wala gari la serikali. Inahitaji kalamu. Muuzaji mwaminifu, naye yupo, atanufaika, kwa sababu leo anashindana na mwongo anayetumia neno lilelile "orijino" kwa nusu ya bei.

Ninyi mnaofanya kazi katika ofisi za umma mnaweza kuanza kesho, kwa kukataa kupokea risiti ya "Spea" katika matengenezo ya magari ya ofisi zenu. Ninyi wanafunzi wangu, mkisimama kaunta, ombeni mistari hiyo mitatu kabla ya kutoa fedha. Mkikataliwa, ondokeni.

Tumeweza kumdai mkulima athibitishe ubora wa punje ya korosho, ambayo ikiwa mbovu hutemwa. Hatujaweza kumdai mfanyabiashara athibitishe ubora wa chuma ambacho kikiwa kibovu huua.